Nyumba Isiyo na Msingi

Ilikuwa Alhamisi ya pili mfululizo. Ya kwanza ilipita vizuri tu, lakini ofisi haikuwahi kuigonga muhuri, na katika mji ule siku isiyogongwa muhuri hurudiwa. Watu walishazoea. Walipika mboga ileile, wakagombana ugomvi uleule, na waliosahau kugombana jana walipata nafasi leo. Nyamizi peke yake ndiye aliyeamka na hasira. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, au sitini na minne ukizitia na Alhamisi zilizorudiwa, na alikuwa amechoka kupewa siku zilizokwisha kutumika.

Mji huo hauna jina, wala si kwamba tunalificha. Hauna jina kwa sababu hakuna aliyewahi kutoka akahitaji kuutaja kwa wageni. Mtu akistaafu huko haambiwi pole wala hongera. Huambiwa, “Umefika.” Naye hujibu, “Nimefika.” Kisha hupewa jiwe la msingi lililochongwa jina lake, na kiwanja chenye bikoni nne za chuma pembeni za kuonyesha mipaka, ajenge, aketi. Akiisha kuketi huanza kuzama. Si jambo la kutisha, au tuseme wenyewe hawalisemi kwa namna ya kutisha. Mwaka wa kwanza nyayo hushikwa na sakafu. Mwaka wa pili ni vifundo. Jirani ya Nyamizi, Bi Kalunde, muuguzi mstaafu, alikuwa ameshazama hadi magotini katika baraza lake la sementi, na kila asubuhi alijimwagia kopo la maji kuzunguka mapaja, kwa raha zake, huku akimsengenya kila apitaye.

Nyamizi hakutaka kuzama. Hilo ndilo jambo zima, na anayetaka jambo kubwa zaidi ya hilo atafute kitabu kingine. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa mtu wa mtambo wa simu, akichomeka waya huku na kuchomoa kule, akiunganisha sauti za watu asiowajua. Nchi nyingine alizijua kwa masikio: mvua ya huko juu ya mabati, jogoo wa huko asiyejua saa, mtu anayekohoa kabla ya kutoa habari mbaya. Waliopiga kutoka mbali walisema tu, “Nipe hao walioketi.” Naye aliwapa. Aliwapa watu wote isipokuwa yeye mwenyewe, na siku aliyostaafu, alipovua vile vipokea sauti vya masikioni, kimya kilimwingia kichwani, na humo ndani ya kimya akasikia njia.

Mumewe, Masanilo, alikuwa mpima ardhi. Kusema alikuwa mpima ardhi hakutoshi. Bikoni zote za mji ule zilipigwa kwa mkono wake, miaka arobaini, moja ikipimwa kutoka kwa nyingine, mpaka mji mzima ukawa umefungwa kwa hesabu zake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyepata usingizi mahali pasipopimwa, na usiku wa harusi yao alikipima kitanda kwanza. Nyamizi alicheka usiku ule. Miaka arobaini baadaye bado alikuwa anacheka, ila si kila siku.

“Baba Shija,” alimwambia asubuhi ya Alhamisi hiyo ya pili, “leo tunakwenda kuchukua tela la kuishi.”

“Jana tulisema leo.”

“Jana ilikuwa leo. Vaa viatu.”

Fundi Tatu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani ya kuchomelea iliyopandishwa juu ya kilemba. Karakana yake ilikuwa upande wa mji ambako ramani ya Masanilo ilikuwa na rangi nyeupe tu. Aliunda matela kutokana na vitu vilivyokuwa vikienda zamani: mabodi ya malori, milango ya mabasi, springi za mikokoteni. Aliwatazama wale wazee wawili, mwanamke aliyetangulia na mwanamume aliyefuata akiwa ameshika utepe wa kupimia mfukoni, akawauliza swali aliloliuliza kila mtu.

“Mnataka la kukaa au la kwenda?”

“La kwenda,” Nyamizi alijibu.

“Lenye dirisha,” Masanilo alidakia.

“Kila anayekuja ananiambia la kwenda,” Fundi Tatu alisema. “Kisha ananiuliza, nikitoa magurudumu litabaki na kimo gani.”

Masanilo aliyekuwa amefungua mdomo aliufunga.

Tela alilowaonyesha lilikuwa limetoka kwenye bodi la lori la mikate, na jua lilipolipiga lilinukia hamira. Ndani kulikuwa na kitanda cha kukunja ukutani, meza ya bawaba, jiko la gesi la mafiga mawili, na kabati la vyombo lililofungwa kamba kwa mbele ili sahani zisiruke njiani. Ile kamba ndiyo iliyommaliza Nyamizi. Mtu aliyeifunga alikuwa ameamini kwamba siku moja sahani hizi zitatikisika. Katika mji ule hakuna sahani iliyowahi kutikisika, na hapo akahisi machozi, akayaacha yatoke, akayafuta kwa ncha ya khanga bila kumwomba mtu radhi. Masanilo alikuwa chini ya tela na tochi, akigonga springi moja moja. Alipotoka mgongo wake umejaa vumbi, alikuwa na furaha ya mtoto.

“Mita nne na sentimita kumi,” alisema. “Sawasawa kabisa. Huwezi kuamini, Mama Shija, pembe zake zote ni sawasawa.”

Nyamizi alipaswa kuogopa pale pale. Hakuogopa. Mtu aliyeishi na mwanamume miaka arobaini huona tabia yake kama samani ya nyumbani, huipita bila kugonga goti.

Fundi Tatu hakutaka malipo mengine ila mawe yao ya msingi. Walikuja nayo nyuma ya pikapu yao, mawili, ya kijivu, yenye majina. Aliyabingirisha mpaka katikati ya karakana, akayalaza majina yakiangalia chini, akaweka juu yake kipande cha chuma chekundu na kukipiga nyundo kuona kama yatafaa kwa kufulia vyuma. Yalifaa. Nyamizi alisikia jina lake likigongwa kwa upande wa pili wa jiwe, na badala ya kuumia alifurahi. Alifurahi mpaka akaona haya, kisha haya nayo ikapita.

Walifunga tela kwenye pikapu, wakapita nalo barabara kuu polepole, kila mtu aone. Bi Kalunde alikuwa barazani kwake, na kopo lake mkononi.

“Mama Shija! Hilo bati mnalipeleka wapi?”

“Linatupeleka lenyewe.”

“Watu wazima hovyo!”

“Hovyo kabisa, shoga yangu. Unahitaji kitu tukuletee?”

“Mniletee nini, nami nimefika?” Bi Kalunde alisema. Lakini alilitazama lile tela mpaka lilipokata kona, na shingo yake, kiungo pekee alichokuwa bado anakizungusha vizuri, ilizunguka nalo hadi mwisho.

Sasa tufike kwenye kosa. Hapa hakuna wa kumlaumu peke yake, maana Nyamizi naye alikuwa na lake. Wangeweza kwenda moja kwa moja. Walikuwa wamefika mwisho wa nyumba, mahali ambapo lami inageuka vumbi na vumbi linageuka kitu ambacho hakuna aliyekipa jina. Gari lilikuwa linanguruma vizuri. Lakini Nyamizi alitaka kunywa chai ndani ya nyumba yake. Kikombe kimoja tu, kabla ya kutoka, dirisha likiwa wazi, ili aijue ladha ya chai isiyo na kiwanja. Alitaka hivyo kwa nguvu za mtu aliyetaka vitu vichache maishani.

“Simama hapa kidogo,” alimwambia mumewe. “Tunywe chai.”

Akaingia ndani ya tela, akabandika sufuria, akaketi kitandani kusubiri maji, na mawazo yakamjia kwa vipande, kama ambavyo sauti zilimjia zamani kwenye mtambo, kila moja na waya wake.

Nani alisema kwamba mtu ni pale alipo. Nani aliandika hivyo, na yeye alikuwa amesimama wapi alipoandika. Nilipozaliwa nilikuwa nasogea. Mama alisema nilikuwa nasogea hata kabla ya kuzaliwa. Wamenipa jiwe, wakachonga jina langu juu ya kitu kisichoweza hata kugeuka kikiitwa, halafu wanataka niite hiyo ni heshima. Sitaki heshima inayonipanda miguuni. Waseme mwanamke huyu kapoteza akili uzeeni. Waseme. Nilizisikia sauti zao miaka thelathini na sita, wote, usiku na mchana, na hakuna hata mmoja aliyepiga simu kusema ametosheka. Walipiga kuuliza. Huko mvua imenyesha? Huko kuna nini? Huko. Hilo ndilo neno lao, na mimi ndiye niliyelibeba, na sasa ninakwenda huko kwa miguu yangu na magurudumu manne ya nyongeza.

Maji yalichemka. Akatia majani, akatia tangawizi, akamimina vikombe viwili, akatoka nje navyo.

Masanilo alikuwa amepiga magoti kwenye pembe ya nne ya tela, nyundo mkononi. Pembe tatu zilikuwa tayari. Bikoni tatu, nondo fupi zenye namba, kila moja imeingia ardhini hadi shingoni, na utepe wa kupimia umelala mchangani katikati yake. Alipigilia ile ya mwisho mara mbili, akapuliza vumbi juu yake ili namba isomeke, ndipo akainua macho na kumwona mkewe. Uso wake ukabadilika. Ukawa uso wa mtu aliyeamshwa akitembea usingizini.

“Mama Shija,” alisema. “Nilikuwa nasubiri chai tu.”

Nyamizi hakupiga kelele. Aliweka vikombe juu ya ngazi ya tela, taratibu, kimoja kikafuata kingine. Alijua sheria kama kila mtu alivyoijua. Kitu chochote kilichosimama kati ya bikoni nne ni kiwanja. Karani akikisoma na kukiandika, kimeandikwa. Na waliomo ndani yake wamefika.

Karani alikuwa ameshaonekana. Makarani wa mji ule hawaitwi. Mlio wa nyundo juu ya nondo huwafikia popote walipo, nao huja. Huyu aliitwa Ngwale, kijana mwenye adabu, kitabu kipana kwapani, viatu safi. Alikuwa anatembea kwa furaha ya kweli, na hilo ndilo lililomchefua Nyamizi zaidi.

“Shikamoo mama. Shikamoo mzee.”

“Marahaba,” waliitikia wote wawili, maana hata kijana unayetaka kumpiga mawe unamwitikia akikuamkia.

“Tulisikitika sana ofisini tuliposikia mnaondoka,” Ngwale alisema akifungua kitabu. “Kumbe mzee ulikuwa unajipimia mwenyewe! Pazuri hapa. Pana upepo. Nyumba yenyewe ndogo, lakini mtaongeza.”

“Haina msingi,” Nyamizi alisema. “Ina magurudumu. Yaangalie.”

“Yatazama, mama,” karani alisema kwa upole. “Huwa yanazama.”

Akainama kwenye bikoni ya kwanza, akasoma namba kwa sauti, akaandika. Nyamizi alihisi ardhi ikimshika unyayo wa kushoto. Haikuwa na ukali. Ilikuwa na uvuguvugu, na hapo alielewa kwa nini Bi Kalunde hakulalamika hata siku moja. Akauvuta mguu, ukatoka, kiatu kikabaki. Karani alisoma ya pili. Rimu za tela zikashuka kidogo katika mchanga, na ndani, kabatini, sahani hazikutoa sauti.

“Baba Shija, zing'oe.”

“Siwezi.”

“Aliyepiga ndiye anayeng'oa. Sheria inasema hivyo. Zing'oe.”

“Sheria inasema ning'oe nikitamka kwamba nilikosea,” Masanilo alisema. Bado alikuwa magotini. “Unajua maana yake? Kila bikoni nimeipima kutoka kwa nyingine. Hizi nimezipima kutoka kwa ile ya nyumba ya mwisho, ile kutoka kwa ya jirani yake, hadi ya kwanza kabisa. Nikisema mkono wangu umekosea hapa, watauliza ulianza kukosea wapi. Mji mzima umesimama juu ya vipimo vyangu.”

“Basi mji usogee.”

“Ni maisha yangu hayo, Nyamizi.”

Alimwita kwa jina. Hakuwa amemwita hivyo tangu mtoto wao azaliwe, na Nyamizi alihisi jina lile kifuani zaidi kuliko alivyolisikia juu ya jiwe. Alimpenda. Tusifiche hilo, alimpenda yule mwanamume mwenye vumbi magotini kuliko njia yenyewe. Na bado alijua kwamba akikaa kwa ajili yake atamchukia kabla hajazama kifundo.

“Nisikilize,” alisema. “Sitakulazimisha. Lakini mimi naingia kwenye pikapu sasa hivi, naitia gia, na ikikataa kuvuta nitashuka nitembee. Kwa mguu mmoja wenye kiatu. Nikikuacha nitalia njia nzima, na nitakwenda hivyohivyo nikilia.”

Karani alisoma ya tatu.

Nyamizi alipanda. Hakuwa dereva wa kusifiwa. Alikuwa amejifunza miezi mitatu, nyuma ya soko, akigonga mapipa. Akawasha. Gari likavuta, tela likagoma, magurudumu ya nyuma yakachimba. Akakanyaga zaidi. Moshi ukapanda. Kwenye kioo cha pembeni alimwona mumewe akisimama, kwa taabu, mkono kiunoni, akimtazama karani aliyekuwa anaiinamia bikoni ya nne.

“Ngwale,” Masanilo alisema. “Subiri kwanza. Andika.”

“Naandika, mzee.”

“Andika kwamba nilikosea.”

Kalamu ilisimama. “Hapa, mzee?”

“Hapa pia.” Akageuka kuutazama mji. “Bikoni ya kwanza ya mji huu. Nilikuwa kijana wa rika lako. Mahali pake hasa palikuwa na mbwa jike amelala na watoto wake, wamenyonya wamelala wote. Nilikuwa na nyundo mkononi. Nikaona haya kuwaamsha. Nikapiga hatua moja pembeni, nikaigongea hapo, nikaandika namba ileile. Kesho yake mbwa wamehama. Sikurudi kusahihisha. Kila kitu tangu hapo kiko hatua moja nje ya mahali pake.”

“Mzee, hujui unachosema.”

“Nakijua miaka arobaini. Andika.”

Akapiga magoti tena, akaishika nondo ya nne kwa mikono miwili, akaivuta kwa pumzi ya mtu aliyekuwa akibana pumzi hiyo tangu ujana. Ikatoka. Ya tatu ikatoka rahisi zaidi. Ya pili na ya kwanza zilitoka karibu zenyewe.

Ndipo mji ulipotikisika. Haukuanguka, wanaosubiri uanguke watavunjika moyo. Ulisogea hatua moja tu, wote kwa pamoja, kurudi pale ulipotakiwa kuwa, na sakafu zote zikaachia. Kutoka barabara kuu ikaja sauti ya Bi Kalunde, kali, ya hasira isiyo na mchezo.

“Masanilo! Nani kakwambia nataka miguu? Nirudishe! Nirudishe nilivyokuwa!”

Alikuwa amesimama barabarani, sementi imemganda miguuni, anatukana. Kisha akainama akajikuna goti, goti ambalo hakuwa ameligusa kwa miaka mitatu, na akaendelea kutukana huku akijikuna. Wengine walitoka milangoni wakishika kuta. Wapo waliolia. Wapo waliorudi ndani upesi na kupiga magoti wakijaribu kujipanda upya. Hakuna aliyeshukuru, na Nyamizi hakusubiri shukrani.

Tela lilikuwa limechomoka. Masanilo alipanda pikapu upande wa abiria, mikono imejaa mchanga. Ngwale alikuja mpaka dirishani. Hakuwa na hasira. Kitabu kilikuwa wazi mkononi mwake, na alikuwa anauliza kama mtoto anavyouliza.

“Nitafuta jina lako kwenye kila ramani, mzee. Ni lazima.”

“Futa.”

“Na nyie... mtazikwa wapi?”

Swali hilo katika mji ule halina jibu la pili. Watu walikuwa wamezama maisha yao yote kwa kuliogopa tu. Nyamizi ndiye aliyejibu, mguu wake mtupu juu ya klachi.

“Tutazikwa na watakaotukuta, mwanangu. Wewe je? Umeshawahi kukutwa na mtu?”

Hakusubiri. Aliachia klachi vibaya, gari likaruka, na nyuma kwenye tela vyombo vyote vikalia kwa mpigo mmoja. Vikombe viwili vya chai vilidondoka kutoka kwenye ngazi, wala hakuna aliyegeuka kuvitazama. Lami iliisha. Vumbi liliisha. Muhuri wa Alhamisi, kama uligongwa au haukugongwa, hawakuusikia.

Walikwenda kitambo. Mbele yao ukatokea mlima, wa bluu, usiokuwa katika ramani yoyote aliyoichora Masanilo. Akanyoosha mkono, akafumba jicho moja, akaweka kidole gumba mbele ya jicho jingine, kama alivyofanya maisha yake yote.

“Ni kilomita...”

“Usipime,” Nyamizi alisema.

Mkono ulibaki hewani. Alijaribu kuushusha ukakataa, mpaka mkewe akaushika kwa mkono wake wa kushoto, usukani ukayumba, na kuuweka juu ya paja lake. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima, Masanilo alitazama mlima bila kujua uko umbali gani. Alilia kwa sauti, mzee mzima, mdomo wazi, na Nyamizi hakumbembeleza. Aliongeza mwendo.